Habari ni ya Wote, Makala Ina Mwenyewe

Kuna wizi mmoja hapa mjini ambao mwizi wake hakimbizwi wala hapigiwi kelele. Badala yake anashukuriwa. Anaamka asubuhi, anachukua makala nzima ya gazeti kuanzia kichwa hadi nukta ya mwisho, anairusha kwenye simu za watu mia mbili, na kabla jua halijapanda amekwishamwagiwa sifa: "Kaka, wewe ndiye mwenye data, endelea kutulisha." Aliyeandika hajui. Aliyechapa hajui. Muuza magazeti pale kituo cha daladala anachojua ni kwamba siku hizi nakala zinamlalia.

Ndugu msomaji, leo nataka tuelezane ukweli kuhusu jambo hili. Sina nia ya kumtetea tajiri mwenye mtambo wa kuchapa, huyo ana mawakili wake. Namzungumzia kijana mwenzako aliyekesha akiandika, na namzungumzia yule anayeuza gazeti juani. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Siku hizi mambo yamegeuka: mchumia juani hubaki hukohuko juani, na anayekula ni aliyekaa kivulini na simu yake.

Sheria ipo, tena si ya jana

Wengi hupenda kusema jambo hili halina sheria. Lina sheria. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, na Zanzibar wana yao ya mwaka 2003. Cha ajabu ni kwamba sheria hiyo ya 1999 haiko upande wa magazeti kwa kila kitu. Kifungu chake cha 7 kinasema kwamba habari za siku, yaani taarifa ya tukio lililotokea, hazilindwi na hakimiliki. Daraja likivunjika, waziri akijiuzulu, Simba ikifungwa, hakuna gazeti linaloweza kusimama na kudai kwamba tukio lile ni lake. Lichukue, lieleze kwa maneno yako, lipeleke Manzese, lipeleke Mbagala, lipeleke mpaka Kigoma. Huna wa kumwomba ruhusa.

Lakini makala si tukio. Makala ni namna mtu alivyolipanga tukio: maneno aliyoyachagua, watu aliowahoji, hoja aliyoijenga kama fundi anavyopanga tofali juu ya tofali. Hiyo ni kazi ya mkono wake, na sheria inamlinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Inampa pia haki ya kutajwa jina, na haki ya kazi yake kutokatwakatwa mpaka ikaharibika. Tena si jambo la Tanzania peke yake. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi yetu ilijiunga nao mwaka 1994, nao unatofautisha hivyohivyo habari ya tukio na kazi ya mwandishi.

Sheria hiyohiyo inakuruhusu kunukuu. Unaweza kuchukua kipande cha makala ili ukijadili, ukikosoe au ukiunge mkono, mradi kipande hicho kiwe cha kiasi, na mradi umtaje mwandishi na ulikokitoa. Kwa hiyo anayelalamika kwamba anazibwa mdomo anatafuta sababu tu. Mlango wa kunukuu uko wazi. Yeye ameuacha, akaingilia dirishani na kubeba nyumba nzima.

Visingizio vya kijiweni

Kisingizio cha kwanza ni hiki: "Habari ni haki ya wananchi." Nakubali kwa mikono miwili. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Lakini usiifunge Katiba hapo. Geuza kurasa chache mbele utakutana na Ibara ya 23, haki ya mtu kulipwa ujira wa haki kwa kazi yake, na Ibara ya 24, haki ya kumiliki mali. Mbona tunaisoma Katiba kama watoto wanaochagua nyama na kuacha mchuzi? Sisi tunaowapigia kelele wakubwa kwa kudhulumu jasho la wanyonge, tunapata wapi ujasiri wa kumdhulumu mnyonge mwenzetu?

Kisingizio cha pili: "Mimi nimetaja chanzo." Vizuri, lakini haitoshi. Ukichukua baiskeli ya jirani na kuandika juu ya tandiko "hii ni ya Mzee Juma", bado Mzee Juma anatembea kwa miguu. Kutaja jina ni adabu ya anayenukuu, si ruhusa ya anayebeba kila kitu.

Kisingizio cha tatu: "Tunairusha ili tuijadili." Hoja hii ilikwishapelekwa mahakamani Marekani. Mwaka 1998 magazeti mawili makubwa, Los Angeles Times na Washington Post, yaliishitaki tovuti ya Free Republic, ambako wasomaji walikuwa wakibandika makala zao nzima nzima na kuzitolea maoni. Washitakiwa walijitetea kwamba lengo lao lilikuwa kukosoa na kujadili siasa. Mahakama ikawagomea. Kukosoa ni ruksa, lakini kukosoa hakuhitaji makala yote neno kwa neno, na msomaji akishaipata yote pale hana tena haja ya kwenda kwa mwenyewe. Yale yaliamuliwa kwa sheria yao, si yetu. Lakini jiulize kwa akili yako tu: ili unionyeshe kwamba mchele una mawe, lazima unibebee gunia zima?

Kisingizio cha nne ndicho kinachoniuma, kwa sababu kina ukweli ndani yake: "Hatuna hela ya gazeti." Najua. Nami ni mmoja wa wanaosoma vichwa vya habari wakiwa wamesimama mbele ya meza ya muuzaji, mikono nyuma, shingo imerefuka kama ya twiga. Lakini umaskini wetu una dawa za kiungwana. Gazeti moja watu wanne mnaweza kuchanga. Unaweza kuazima. Unaweza kusubiri mzee wa pale kibanda cha kahawa amalize. Gazeti likizunguka mikononi mwa watu kumi, lilinunuliwa mara moja. Gazeti likipigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kurushwa kwa watu 200, na kila mmoja akarusha kwa wengine 200, hesabu ya kijiweni tu inakupa watu 40,000. Je, hapo bado ni kuazimana?

Sakata la redio

Mtu asidhani mambo haya yaliletwa na simu. Kwa miaka mingi mtangazaji wa asubuhi alikuwa akilifungua gazeti mbele ya kipaza sauti na kusoma habari mpaka mwisho, huku wafadhili wa kipindi wakilipia matangazo. Fedha iliingia kituoni, si kwa aliyeandika. Mwaka 2017 Waziri wa Habari wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe, akavitaka vituo vya redio na televisheni visome vichwa vya habari tu. Watu wakagawanyika. Wengine wakasema magazeti yameokolewa, wengine wakasema mwananchi wa kawaida amezibwa masikio.

Mimi nasema hoja ilikuwa ya kweli, lakini mdomo ulioitamka haukuwa wake. Mwenye kudai hakimiliki ni mwandishi na mchapishaji, si waziri. Tena mwaka huohuo serikali hiyohiyo ilikuwa ikiyafungia magazeti: Mawio na MwanaHalisi miaka miwili miwili, Raia Mwema na Tanzania Daima siku 90 kila moja. Huwezi kumnyang'anya mtu sufuria, kisha ukajitokeza kuwa mlinzi wa ugali wake. Tukiiacha haki hii mikononi mwa wakubwa, watakuja kuitumia kutunyamazisha. Ndiyo maana tuilinde wenyewe, kwa adabu yetu wenyewe.

Na hapa niseme jambo moja kwa haki. Gazeti likishafungiwa, nakala zake zikakosekana mezani, anayezisambaza makala zake hamnyang'anyi mtu wateja, maana duka limefungwa kwa nguvu. Huyo anaiweka hai sauti iliyozimwa. Lakini hata yeye abakize jina la mwandishi, jina la gazeti na tarehe. Sauti isiyo na mwenyewe ni uvumi.

Nani analipa?

Kwa asiyejua: mwandishi wa kujitegemea hana mshahara. Analipwa kwa habari iliyotoka, na isipotoka anashinda njaa. Nauli ya daladala ni yake, vocha ya simu ni yake, fotokopi za nyaraka ni zake, na zile siku nne za kumsubiri ofisa anayesema "njoo kesho" ni zake pia. Gazeti lisilopendwa na wakubwa haliletewi matangazo, linaishi kwa kuuzwa. Nakala zikilala, mhariri anapunguza kurasa. Kurasa zikipungua, anayeachwa wa kwanza si mkurugenzi, ni kijana yule anayelipwa kwa kipande. Na akiachwa yeye, nani atakwenda kuchungulia zabuni za halmashauri? Nani atakwenda Tandale kuuliza mtaro umekwama kwa nini? Utabaki na taarifa za maofisa uhusiano, hizo hutolewa bure kila siku.

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Makala ikishatoka mikononi mwa mwenyewe, mtu yeyote anaweza kuingiza sentensi yake katikati, akabadili kichwa, akaongeza tusi kwa kigogo fulani, na jina la mwandishi likabaki palepale juu. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo kifungu chake cha 16 kinahusu taarifa za uongo. Mwandishi atafuatwa usiku kwa maneno ambayo hakuyaandika, na wewe uliyebonyeza kitufe unaweza kuunganishwa naye. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 24, inagusa pia kuvunja hakimiliki kwa kutumia kompyuta. Basi usidhani kwamba simu ni kichaka cha kujifichia.

Na sisi wenye kalamu tujitazame

Haitakuwa haki kuwanyooshea vidole vijana wa mitaani na kuwaacha wahariri wakinywa chai. Magazeti yetu nayo yana mkono mwepesi. Kijana anapiga picha ya ajali kwa simu yake, kesho yake picha iko ukurasa wa mbele, na chini yake imeandikwa "Picha kwa hisani ya mtandao". Mtandao una macho? Mtandao una kamera? Picha ile ina mwenyewe, ana jina, na pengine alikuwa tayari kuiuza.

Mimi mwenyewe, makala yangu moja niliyoifuatilia kwa wiki tatu niliikuta neno kwa neno kwenye gazeti jingine ambalo silitaji. Hata yule mama muuza chapati niliyemhoji walimwacha na maneno yake yote. Walichobadilisha ni mstari wa juu tu: "Na Mwandishi Wetu". Nilipouliza, nikaambiwa nishukuru, kazi yangu imesomwa na wengi. Kushukuru hakulipi kodi ya chumba. Chombo cha habari kinachofanya hivyo asubuhi hakina mdomo wa kumkemea kijana wa kijiweni jioni.

Adabu yenyewe ni nyepesi

Adabu ninayoiomba haihitaji wakili. Ukiipenda makala, waeleze wenzako kwa maneno yako inasema nini. Chukua aya moja au mbili zilizokugusa, zifunge ndani ya alama za kunukuu, kisha taja mwandishi, gazeti na tarehe, na useme inapatikana wapi. Kichwa cha habari usikibadili. Gazeti likitoa masahihisho, yapeleke kulekule ulikopeleka makala, kwa sababu uongo una mbio na sahihisho huchechemea. Ukiitaka nzima, omba. Mwandishi gani wa kujitegemea atakunyima ukimwomba kwa heshima? Wengi tutasema chukua, weka jina. Na ikiwa ukurasa wako unaingiza mshiko wa matangazo, usiombe tu, lipa.

Wahariri nao waandike majina ya vijana wao, walipe picha wanazozichukua, na wakumbuke kwamba "Mwandishi Wetu" naye ana tumbo. Wamiliki watafute njia ya kuuza makala moja moja kwa simu, kwa bei ya mlalahoi, ili asiye na hela ya gazeti zima asilazimike kuwa mwizi. Watu hawa hawajakataa kulipa. Wananunua vocha kila siku.

Vijana wenzangu, tunadai nchi ambayo mtu analipwa kwa jasho lake. Dai hilo linaanzia kwenye kiganja chako. Kesho asubuhi utakapokuta makala nzuri, kabla hujairusha yote, mwangalie kwanza yule muuza magazeti pale kituoni, kisha tafuta jina lililoandikwa chini ya kichwa cha habari. Hao wawili ndio unaoamua kama wiki ijayo watakuwepo.