Santuri: Wewe ni mnunuzi yupi?

Pale Kenyatta Market, Nairobi, ukishapita moshi wa nyama choma, kuna mahali panapouzwa santuri. Hebu tazama wanaonunua.

Yuko mzee anayetafuta wimbo wa ujana wake, labda wa Les Wanyika au Super Mazembe. Yuko DJ anayesaka mdundo ambao wenzake hawana. Yuko mgeni mkusanyaji, anayepekua zile ndogo za River Road za miaka ya 1970 kwa sababu kwao zina bei. Halafu uko wewe: unataka jalada la kutundika ukutani, na gramafoni huna.

Usione haya, si wewe pekee. Marekani mwaka 2022, santuri ziliuzwa nyingi kuliko CD kwa mara ya kwanza tangu 1987. Utafiti wa huko ukaonyesha nusu hivi ya wanunuzi hawana gramafoni.

Lakini wao wananunua nyingi zilizotoka kiwandani juzi. Sisi tunagawana masalio. Mgeni akibeba nakala ya River Road, huenda usiione tena, ama uinunue kutoka ng'ambo. Mwaka 2013 kampuni ya Uingereza, Soundway, ilikusanya nyimbo zetu za zamani na kuziuza upya kwa jina Kenya Special.

Kwa hivyo nunua ya ukutani, ni sawa tu. Ila ongeza moja ya hapa nyumbani, na umtafute mwenye gramafoni. Santuri isiyochezwa ni picha tu.