Kemikali za kubuni, uvivu wa kweli

Jamaa zangu wanatengeneza gemu ya wachezaji wengi. Juzi wakaniomba, eti kwa kuwa mimi ndiye mtu wa maneno, niwabunie kemikali za kulipuka. Nikauliza: zinalipukaje? Wakajibu: "Kaka, we tupe majina tu. Ukilipiga pipa risasi, linalipuka. Basi."

Hapana jamani! Huko si kubuni, ni kupaka pipa rangi.

Sipingi kemikali za kubuni. Naziunga mkono mia kwa mia, maana gemu haipaswi kuwa darasa la mabomu. Ninachopinga ni kubuni jina bila kubuni tabia. Chukueni Space Station 13, gemu iliyoanza mwaka 2003. Ina "plasma" yake ya kubuni. Gesi hiyo ikivuja inasambaa chumba hadi chumba, na ikikutana na oksijeni na moto, anaungua hata asiyehusika. Mchezaji anajifunza kufunga mlango na kuwaonya wenzake. Huo ndio uongo wenye akili.

Mapipa ya gemu nyingi yamekaa kimya kama mitungi ya maji mpaka yapigwe. Mimi kemia niliiacha kidato cha pili, lakini hata mimi najua petroli haiko hivyo. Kinachowaka ni mvuke wake, na petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unajaa mtaroni, unaufuata moto uliko. Huuoni.

Najua mtasema "ni gemu tu." Sawa. Agosti 10, 2019, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota. Likalipuka. Waliokufa walipita 100. Sisemi gemu ndiyo iliwaua, la hasha! Nasema baada ya Msamvu, Mtanzania anayebuni kimiminika cha kulipuka halafu akausahau mvuke, hana udhuru.

Basi nimewapa jina moja tu na masharti manne: kinanuka, kinatoa mvuke, mvuke unatambaa chini, upepo unautawanya. Wameninunia, eti nawaongezea kazi.

Na wanune. Wewe mdau unasemaje?