Zulia la Ngazi Katika Nyumba ya Mawe

Siku hizi nyumba ya gorofa ikitengenezwa upya katika Mji wa Kale wa Mombasa au kule Amu, rangi haijakauka, zulia la ngazi limekwisha tandikwa. Si vibaya. Tunalolaumu ni kuwa mtu hununua lile lililomng'aria dukani, akasahau kuwa nyumba yake ilikuwa na nakshi kabla yeye hajazaliwa.

Nyumba ya Kiamu ni ya matumbawe na chokaa, na dari yake hubebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo hazivuki mbali, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini upana wake haufiki mita 3, na ngazi nazo zimebana, vidato vyake vimeinuka. Ukutani mna zidaka, mlangoni mna kazi ya patasi. Macho ya mgeni yamekwisha pewa shughuli ya kutosha. Basi mwenye nyumba akitandika chini maua mekundu makubwa kama masinia, zidaka hazionekani tena! Na maua yenyewe hayapati raha, kwani zulia hupinda kwenye kila kidato, ua likakatwa shingo hapa na majani yakabaki kule. Nyumba kama hiyo yataka zulia la rangi moja lenye mstari pembezoni, au nakshi ndogo ya pembepembe inayojirudia. Kwenye majumba mapya ya saruji ya Nyali, yenye kuta tupu na ngazi pana, nakshi kubwa ina nafasi yake, na huko hatuna ugomvi na mtu.

Mistari iliyokingama ndiyo ya kuogopwa. Ngazi zetu nyingi zina giza hata mchana, na mstari wa namna hiyo hufanana na ukingo wa kidato. Bibi mwenye macho ya uzee hukanyaga mstari akidhani ni kidato, akaanguka hadi ukumbini, nyonga ikavunjika. Mistari ifuate urefu wa ngazi, manyoya ya zulia yawe mafupi, nalo lipigiliwe lisicheze.

Kuna na mazulia yenye picha ya Al-Kaaba au maandishi ya Kiarabu. Si kila Kiarabu ni Qurani, twajua, lakini sisi tuliopitia chuoni tusome kwanza ndipo tutoe pesa. Jina la Mwenyezi Mungu chini ya viatu halingojei fatwa.

Kipimo nacho: kanyagio la inchi 10 na kimo cha inchi 7 ni inchi 17, kwa vidato 13 ni inchi 221, yaani yadi 6 na inchi 5. Ila ngazi ya mawe ya zamani haina vidato viwili vilivyo sawa, kwa hiyo pima kimoja kimoja.

Mkeka wa ukindu hatushauri kuutandika ngazini, kwa kuwa huteleza. Lakini nakshi zake, zile pembe na misumeno ambayo mama zetu huisuka kwa chane za rangi katika ukili, zingekaa vizuri mno juu ya zulia. Wafanyabiashara wetu huagiza mazulia ng'ambo kwa makontena. Je, ni uzito gani unaowazuia kupeleka kipande kimoja cha ukili huko kiwandani kiwe sampuli, na msusi wake akalipwa?