Uongo wa Mchana Kweupe, Faulo ya Macho Makavu

Kosa la Kiingereza haliwi wazi tu, huwaka. Neno "flagrant" limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuwaka moto, na wanasheria wa Ulaya bado hutumia usemi wa Kilatini "in flagrante delicto" kwa mtu aliyenaswa kosa lingali motoni. Mswahili hapo hahitaji maneno matatu. Kafumaniwa, basi.

Nduguye ni "blatant", na asili yake inachekesha zaidi. Anayetajwa kulileta ni mshairi Edmund Spenser, ambaye mwaka 1596, katika utenzi wake The Faerie Queene, alilitumia kuliita dubwana lenye ndimi chungu nzima, kazi yake kuchafulia watu majina. Maana ya awali ilikuwa makelele. Miaka ikapita, neno likahama masikioni likaingia machoni.

Magazeti yetu huyatafsiri yote mawili kwa neno moja: "wazi". Ni uvivu. Mlango huwa wazi, nafasi ya kazi huwa wazi, na wala hakuna aliyekosa. "Blatant" husema kosa linaonekana hata na mtoto. "Flagrant" huongeza uzito na ufedhuli: mtendaji alijua anachofanya na hakujali.

Tazama mpira wa kikapu. Ligi ya NBA ya Marekani ina faulo za "flagrant" za madaraja mawili. Ya kwanza ni ya kumgusa mpinzani kwa namna isiyo ya lazima. Ya pili ni isiyo ya lazima na iliyopita kiasi, na mchezaji hutolewa nje. Waamuzi hawabishani kama faulo ilionekana, maana filimbi imeshalia. Wanapima ukali wake. Anayeandika "faulo ya wazi" amekosa shabaha kabisa.

Na maneno tunayo, tena ya mtaani. Uongo wa "blatant" ni uongo wa mchana kweupe. Kosa la "flagrant" ni la mtu mwenye macho makavu, asiyejua haya. Kiingereza kilichukua moto. Sisi tulichukua mwanga na jicho lisilo na aibu. (Wahariri watasema hayo ni ya vijiweni. Kwani "wazi" lilizaliwa bungeni?)

Tahadhari moja tu. Kanuni za Mahakama ya Rufani ya Tanzania za mwaka 2009 huruhusu hukumu kupitiwa upya kukiwa na kosa bayana katika kumbukumbu za shauri, lililosababisha haki kupotoka. Hapo "dhahiri" au "bayana" yanatosha, kwa kuwa jaji aliyeteleza hakuwa fedhuli. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama Tanzania, na mfasiri atakayempachika jaji macho makavu atakuwa amemtukana.