Koti Jema Halihitaji Lebo ya Uongo

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, alitujia kijana mmoja baada ya swala ya Ijumaa, ana koti mkononi na swali moyoni. Alikuwa akikaribia kuoa, naye alitaka koti la kuvaa juu ya kanzu siku ya akdi. Katika soko moja la mitumba hapa jijini alilipata koti la buluu iliyokoza, jepesi, na ndani yake lebo yenye jina la mbunifu mkubwa wa Italia. Akatoa shilingi 120,000, ilhali sehemu ya fedha hizo alikwisha kumwahidi mdogo wake kwa ajili ya ada ya shule. Alipolipeleka kwa fundi apunguze mikono, fundi yule, kabla hajashika mkasi, akamwonyesha kuwa lebo imeshonwa upya kwa uzi usiofanana na nyuzi nyingine za koti, na kandokando yake yamebaki matundu ya lebo nyingine iliyobanduliwa. Kijana akatuuliza: "Sheikh, nikiliuza kama nilivyouziwa, ili nirejeshe ada ya mdogo wangu, je, nina dhambi?"

Swali hili si la kijana huyo peke yake. Wangapi miongoni mwetu huuziwa jina badala ya nguo, kisha tukatamani hasara imwangukie mwingine?

Tuanze na koti lenyewe. Koti juu ya kanzu ni vazi la heshima katika pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Dar es Salaam. Bwana harusi hulivaa, na wazee hulivaa siku ya Idi. Wala si kiburi mtu kupenda nguo nzuri. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu mtu apendaye nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri. Akafundisha kuwa Allah anaupenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Basi asione haya anayevaa koti la mtumba lililo safi. Koti la zamani lililoshonwa kwa sufu njema huweza kuishi kuliko koti jipya la kitambaa hafifu.

Hata hili koti jepesi ambalo vijana wanalitafuta lina maana katika joto letu. Koti la kawaida la suti lina pedi mabegani, kitambaa kigumu kifuani, na bitana ndani nzima. Mafundi wa Naples nchini Italia ni mashuhuri kwa kuupunguza uzito huo. Naye Giorgio Armani, aliyeanzisha kampuni yake mjini Milan mwaka 1975 na kufariki Septemba 2025, alijulikana duniani kwa kuondoa pedi na bitana hadi koti likalala juu ya mwili kama shati. Mafanikio hayo yaliyafanya majina ya wabunifu yawe na bei kubwa, na penye bei kubwa, mwenye tamaa hutafuta njia ya mkato. Kipande kidogo cha kitambaa chenye maandishi kikashonwa mahali pasipo pake, bei ikapanda mara kadhaa, na koti ni lile lile.

Sheria haikulinyamazia jambo hili. Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akaingiza mkono wake, vidole vikakuta umajimaji. Mwenye chakula akasema kuwa kilinyeshewa. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, na akamtoa mdanganyifu katika safu yake. Vile vile alikataza kumfunga mnyama chuchu ili maziwa yajae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi, na akampa mnunuzi aliyedanganywa hivyo hiari ya kumbakisha mnyama au kumrejesha. Lebo ya uongo ndani ya koti haina tofauti na chuchu zilizofungwa.

Na tuwatazame waliokuwa wauza nguo kabla yetu. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 150 Hijria, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Kufa. Imesimuliwa kwamba mshirika wake aliuza nguo yenye ila akasahau kumweleza mnunuzi, wala mnunuzi hakujulikana tena. Imamu akaitoa sadaka thamani ya nguo ile. Mshirika alisahau tu, hakukusudia. Itakuwaje kwa anayekaa na sindano usiku akishona uongo?

Hata hivyo, mnunuzi naye ana wajibu wa kufungua macho. Litazame koti kabla ya jina. Anza na mabega, kwani mikono na kiuno fundi anaweza kuvirekebisha, lakini bega lisilokaa vizuri ni taabu kubwa. Linyanyue kwenye mwanga uone matundu ya nondo. Chunguza makwapa na kola. Koti lisilo na bitana lipindue ndani, kwa kuwa mishono yake yote iko wazi, na kazi mbovu haina pa kujificha. Kifua kikiwa na mavimbe kama malengelenge, jua kuwa gundi ya ndani imeachia.

Kisha soma tepe ndogo inayotaja malighafi. Bitana nyingi ni za poliesta au viskosi, lakini baadhi ya makoti ya bei kubwa yana bitana ya hariri, nayo imeharamishwa kwa wanaume. Neno lake ni "silk" kwa Kiingereza, "soie" kwa Kifaransa, na "seta" kwa Kiitaliano. Mama zetu na dada zetu hawana kizuizi hicho. Na kwa jaketi la ngozi, tazama lisiwe la nguruwe, "pigskin", kwani katika madhehebu ya Imamu Shafii ngozi hiyo haitoharishwi hata ikidibaghiwa. Ama nguo nyingine za mitumba, asili yake ni tohara mpaka najisi ithibiti, na kuzifua kabla ya kuvaa ni usafi mwema.

Tukamjibu kijana wetu hivi. Kuliuza koti kwa jina lile ilhali unaujua uongo wake ni haramu, na ada ya mdogo wako hailipwi kwa kumpunja mwana wa mwingine. Huenda hata aliyekuuzia aliuziwa hivyo, lakini wewe sasa unajua. Rudi kwake leo, usicheleweshe, umdai fedha zako kwa upole. Ni neema kwamba fundi hakukata mikono, kwani koti likiharibika mkononi mwako haki ya kulirejesha hudhoofika, ukabakia kudai fidia ya upungufu. Usipompata, ondoa lebo hiyo, kisha livae, au liuze kwa bei ya koti lisilo na jina na umweleze mnunuzi ukweli wote.

Tukamwambia pia neno la baba kwa mwana: ada ya mdogo wako ilikuwa ahadi kabla ya koti kuwa tamaa. Imepokewa katika Abu Daud na Ibn Majah onyo kali kwa anayevaa vazi la kutafutia umaarufu duniani, kwamba Akhera atavishwa vazi la udhalili. Lebo iko ndani ya koti, haionekani. Ikiwa mtu anataka iwepo, na ionekane, na aidai ahadi ya yatima au ndugu ili aipate, basi na ajiulize anamvalia nani.

Tunamuomba Allah (S.W.) atupe riziki ya halali, biashara za kweli, na atuvishe vazi la ucha Mungu. Wabillahi tawfiq.