Jaribio likianguka liseme kwa nini

Leo nina dukuduku. Juzi kijana tunayefanya kazi naye aliniletea kiraka nikipitie. Hakikuongeza chochote kwenye programu yenyewe. Alikuwa amebadilisha majaribio yetu ya Python ili yakianguka yaeleze kilichoharibika. Mwenzetu mmoja akauliza kwa nini nipoteze saa nzima kwa mambo ya urembo.

Urembo? Majaribio yetu mengi yaliandikwa hivi: assertTrue(jumla == 1050). Likianguka, jibu ni "False is not true". Yaani uongo si kweli. Asante sana, hilo nililijua kabla sijaenda chuo! Ukiandika assertEqual(jumla, 1050) unajibiwa "1049 != 1050", na papo hapo unajua kuna senti moja imepotea, huenda pale tunapokata desimali.

Yamenikuta mwenyewe. Mwaka jana, saa nne usiku, jaribio kama hilo lilianguka nikiwa zamu. Nikasoma ule ujumbe, nisiambulie kitu, nikadhani ni seva ya majaribio inasumbua kama kawaida yake. Nikalizima, nikapeleka programu kwa wateja, nikalala. Asubuhi ankara hazikulingana. Kosa ni langu, sikatai, lakini ningeziona zile namba mbili nisingelala.

Basi nikakipitia kiraka, na sikuishia kusoma mistari iliyobadilishwa. Ujumbe wa jaribio hauonekani mpaka lianguke, kwa hiyo niliiharibu programu makusudi, kosa moja moja, nikasoma kila jibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mengi yalieleweka. Mawili nilimwomba ataje namba ya ankara, maana "0 != 1" peke yake haimsaidii mtu.

Lakini jaribio moja lilikataa kuanguka, hata nilipovuruga hesabu ya punguzo kabisa. Lilikuwa la zamani, kiraka hakikuligusa: assertTrue(punguzo, 100). Hiyo 100 hailinganishwi na kitu. Python huichukua kuwa ujumbe wa kuonyesha jaribio likianguka, na punguzo lolote lisilo sifuri linapita. Tumekuwa tukiona alama ya kijani hapo tangu siku lilipoandikwa!

Nimemrudishia kijana kiraka alirekebishe na hilo, kisha nitakipokea. Yule wa urembo bado anasema saa moja ni nyingi.