LUGHA YA KIGENI IWE MLANGO, ISIWE UKUTA

Kila mwaka yanapotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, mazungumzo ya barazani, Unguja na Pemba, huwa ni yale yale. Wako wasemao kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu. Wako wawalaumuo waalimu. Na wako waaminio kwamba dawa ni kuongeza Kiingereza na kukianza mapema zaidi. Neno hili la tatu ndilo tunalotaka kulipima leo, maana limechanganya mambo mawili yasiyofanana: kujifunza lugha ya kigeni, na kufundishwa kila kitu kwa lugha ya kigeni.

Tutazame hali ilivyo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Mtoto akifika sekondari, fizikia, jiografia na bayolojia zote humjia kwa Kiingereza, na mtihani wa kidato cha nne, ambao huufanya pamoja na wenzake wa Bara, humuuliza kwa lugha hiyo hiyo. Kila mzazi anajua yanayopita darasani. Mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza, kisha hueleza kwa Kiswahili ili afahamike. Mwanafunzi hunakili asichokielewa, akakihifadhi kwa moyo. Kijana aliyezaliwa chini ya mkarafuu, ajuaye unavyopandwa, unavyochumwa na unavyoanikwa, hukosa alama katika swali la kilimo kwa sababu neno halikumjia. Je, huyu ameshindwa elimu, au ameshindwa lugha?

Na ajabu ni kwamba Kiingereza chenyewe nacho hakipati. Mwalimu wa fizikia kazi yake ni fizikia. Hana wakati wa kumsahihishia mtoto sentensi, na pengine yeye mwenyewe alifundishwa kwa njia hiyo hiyo. Mtoto wa Kijerumani husoma hesabu kwa Kijerumani, na wa Kijapani kwa Kijapani. Kiingereza hufundishwa kuwa somo, na hakuna aliyesema kwamba mataifa hayo yamebaki nyuma. Shirika la UNESCO lilikwisha eleza katika ripoti yake ya mwaka 1953 kwamba chombo bora cha kumfundishia mtoto ni lugha ya mama yake. Sisi, ambao Kiunguja chetu kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ndio tunaokiogopa kukiingiza darasani!

Asije mtu akadhani kwamba tunazipiga vita lugha za kigeni. Historia yetu inatufundisha kinyume. Mwaka 1870 Edward Steere, wa misheni ya Kiingereza iliyokuwa Unguja, alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili kama kisemwavyo hapa. Mwaka 1887 Wajerumani walifungua Berlin chuo cha lugha za Mashariki, na miongoni mwa waliofundisha Kiswahili humo walikuwa watu wa pwani hii, kama Amur bin Nasur wa Unguja na Mtoro bin Mwinyi Bakari. Waliotaka kuja kututawala walijifunza kwanza maneno yetu, na pamoja na maneno wakajifunza ndoa zetu, ngoma zetu na namna tunavyofanya biashara. Na mwaka 1890 Uingereza na Ujerumani zikapatana juu ya visiwa hivi, kwa mkataba uliotiwa saini Berlin, katika lugha ambazo raia wa kawaida wa Unguja na Pemba hakuzijua. Yeye alikuwa akijulikana; yeye hakuwa akiwajua.

Hata maisha ya jumba la Mtoni aliyoyaandika Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, yalitoka mwaka 1886 kwa Kijerumani. Asiyejua lugha hiyo husoma khabari za nyumbani kwake kupitia kwa mfasiri. Ndiyo maana twasema: lugha ya kigeni ifundishwe, na ifundishwe barabara.

Barabara maana yake ni pamoja na mila za wenye lugha hiyo. Sisi twasema skuli, neno lililotokana na Kiingereza. Ndugu zetu wa Bara husema shule, lililotokana na Kijerumani. Meza tumeipata kwa Wareno, kalamu kwa Waarabu, serikali kwa Waajemi. Neno moja tu humwonyesha mwanafunzi nani alifika wapi na alileta nini. Vijana wa Kiwengwa wamekipata Kitaliano kwa kusema na Wataliano, na wengi wao hawakukaa darasani hata siku moja kukisoma. Tunawapongeza. Lakini lugha ya kuuzia si lugha ya kusomea mkataba, na hapo ndipo skuli ilipopaswa kuwasaidia.

Watatuuliza: je, Kiswahili kina maneno ya sayansi? Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Watatuuliza tena: vijana hawatakosa kazi mahotelini? Hoteli humtaka mtu aongeaye na mgeni akamfahamu, wala haimwulizi maana ya neno la kemia alilolihifadhi.

Mfano uko mlangoni petu. TAKILUKI, ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa miaka mingi imewapokea wageni wanaokuja kujifunza Kiswahili. Hufundishwa lugha kuwa lugha, kisha hutoka wakakaa na watu wetu, wakala nao na kuzungumza nao. Hakuna anayewalazimisha wasome hesabu kwa Kiswahili ili wakijue Kiswahili. Kwa nini basi mwanetu atendewe lisilotendewa mgeni?

Tunalolitaka ni hili. Masomo ya sekondari yafundishwe na yatahiniwe kwa Kiswahili. Kiingereza kiwe somo, chenye waalimu wakijuao na vitabu vya kutosha. Kila skuli iongeze lugha nyingine kwa chaguo la mwanafunzi: Kiarabu, ambacho herufi zake huzijua tangu chuoni; Kifaransa, kitumikacho serikalini kwa jirani zetu wa Ngazija; au Kichina.

Ndugu Wanachama, jambo hili msilingoje kutoka juu. Lisemeni katika mikutano ya wazazi, na muulizeni kila atakayekuja kuomba kura yenu: mwanangu utamfundisha kwa lugha gani? Asiye na jibu la swali hilo hana la kuwaambia juu ya elimu.